"Singer" ni mwimbaji au cherehani? Kuhusu kipindi cha Elvis cha mwaka 1968

SWALI: Shikamoo mwalimu. Baba yangu ni fundi wa kushona hapa Tanga. Juzi nilimwonyesha kwenye simu kipindi cha zamani cha Elvis Presley, kile alichovaa ngozi nyeusi juu mpaka chini. Akacheka, akasema jina lililoandikwa kwenye tangazo lake ni la cherehani yake. Mimi nilijua "singer" ni mwimbaji. Nani yuko sahihi? Halafu nimekuta nakala tatu na hazifanani. Moja ina wimbo wa Krismasi, nyingine haina, ya tatu ni watu wamekaa tu wanapiga magitaa na kutaniana karibu saa nzima. Ipi ndiyo yenyewe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee wako ameshinda, umpe mkono. Hiyo ni Singer ile ile iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye cherehani nyeusi ya kukanyaga, inayonguruma kwenye baraza za mafundi pwani nzima. Kipindi kilitangazwa kwa jina la "Singer Presents... ELVIS", maana yake kampuni ya Singer inakuletea Elvis. Usijilaumu, mtego huo umewanasa wengi. Na mwenye jina lake, Isaac Merritt Singer, aliyepata hataza ya cherehani mwaka 1851, kabla ya hapo alikuwa akizunguka na makundi ya maigizo. Kwa hiyo jukwaa na cherehani walikuwa majirani tangu zamani.

Miaka hiyo Marekani kampuni moja iliweza kudhamini saa nzima ya televisheni na kubandika jina lake mlangoni. Singer ilikwisha kufanya hivyo kwa Tony Bennett mwaka 1966 na kwa Herb Alpert mwaka 1967. Mwaka 1968 ikawa zamu ya Elvis, kupitia kituo cha NBC, Jumanne tarehe 3 Desemba, saa 3 usiku. Angalia tarehe hiyo. Desemba ni mwezi wa kununua zawadi, na cherehani ni zawadi ya mama wa nyumbani. Hata sahani ya santuri ilitolewa kuuzwa kwenye maduka ya Singer yenyewe, ikiitwa "Singer Presents Elvis Singing Flaming Star and Others". Unakwenda kununua sindano na uzi, unarudi na Elvis kwapani.

Ukishashika hilo, swali lako la pili limeshajibika nusu, maana karibu kila tofauti unayoiona kati ya nakala hizo inatokana na ugomvi juu ya Krismasi.

Meneja wa Elvis alikuwa Tom Parker, aliyejiita Kanali. Ukanali wenyewe ulikuwa wa heshima tu, kapewa na gavana wa Louisiana, wala hakuwahi kuongoza hata kikosi cha skauti. Parker alikwisha mwuza Elvis kwa Krismasi ya mwaka 1967 katika kipindi cha redio, na mpango wake wa televisheni ulikuwa ule ule: kijana avae vizuri, asimame, aimbe nyimbo za Krismasi mfululizo, aseme usiku mwema, aondoke. Kwa mfanyabiashara, wazo hilo halina kasoro. Mdhamini anataka Krismasi, mpe Krismasi.

Kwa Elvis lingekuwa kaburi. Alikuwa na miaka 33 na alikuwa amekwisha kuwa mtu wa jana. Tangu tamasha la hisani la Pearl Harbor, tarehe 25 Machi 1961, hakuwa ameimba mbele ya watu. Miaka saba! Kazi yake ilikuwa filamu, mbili au tatu kwa mwaka, nyingi ukitazama moja umetazama zote: gari, ufukwe, msichana, na wimbo unaosahaulika kabla taa hazijawashwa. Huku nje Beatles walikuwa wameshapindua kila kitu. Steve Binder, mwongozaji aliyepewa kipindi hiki, amesimulia jinsi alivyomtoa Elvis nje ya ofisi yake pale Sunset Boulevard, Los Angeles, wakasimama kando ya barabara. Elvis aliogopa watu wangemvamia. Watu wakapita zao.

Huyu Binder ni wa kumjua. Mwaka 1964 alikuwa amerekodi T.A.M.I. Show, filamu ya tamasha la muziki, ambamo James Brown alicheza kiasi cha kuwafanya kundi la Rolling Stones wajute kupangwa baada yake. Na miezi michache kabla ya Elvis, aliongoza kipindi cha mwimbaji Mwingereza Petula Clark, mgeni wake akiwa Harry Belafonte. Huyo Belafonte unamjua, ndiye aliyeimba "Malaika" na Miriam Makeba katika sahani yao ya mwaka 1965. Wakiwa wanaimba pamoja, Petula akamshika Belafonte mkono. Ni hicho tu, mwanamke mweupe kumshika mwanamume mweusi mkono. Mwakilishi wa mdhamini, kampuni ya magari ya Plymouth, akataka sehemu hiyo irudiwe bila kushikana. Petula na mumewe, wakishirikiana na Binder, wakahakikisha picha nyingine zote za wimbo huo zimefutwa, ibaki ile ya kushikana tu. Ikarushwa hivyo hivyo Aprili 1968. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletwa kupiga picha za Krismasi ya cherehani. Ungetegemea nini?

Binder na waandishi wake, Chris Beard na Allan Blye, walitunga kipindi chenye hadithi: kijana mpiga gitaa anaondoka kwao, anatangatanga, anapigana, anarudi. Hiyo ndiyo sehemu yenye wachezaji, maigizo na majukwaa makubwa. Ufunguzi wake bado unanisisimua, Elvis uso mtupu akiimba "Trouble", halafu nyuma yake safu kwa safu za vivuli vya watu wenye magitaa, na jina lake kwa taa nyekundu kubwa kuliko nyumba. Sehemu ya nyimbo za dini nayo ni safi, kina dada wa The Blossoms, akiwamo Darlene Love, wakimwitikia. Mengine, niseme ukweli, yamechakaa. Mapigano ya kucheza dansi yale yananifanya nitazame saa.

Ila kitu kilichokifanya kipindi hiki kiwe cha ajabu hakikuwamo kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Wakati wa mazoezi pale studio za NBC, Burbank, kila kazi ilipokwisha Elvis alirudi chumba cha kubadilishia nguo, akakaa na jamaa zake, akachukua gitaa. Wanapiga nyimbo za zamani, wanakumbushana vituko, wanacheka, mpaka usiku. Binder akawa anasikiliza. Kule kwenye jukwaa kubwa ana okestra na wachezaji, lakini mtu mwenyewe yuko huku, kwenye kile chumba kidogo. Akataka aingize kamera humo humo. Parker akakataa katakata. Binder alipomsumbua sana, Parker akakubali jambo moja: chumba kile kiigizwe jukwaani, bila ahadi kwamba kitatumika.

Ndipo likajengwa lile jukwaa dogo la mraba, mfano wa ulingo wa ngumi, watazamaji wamelizunguka pande zote hadi miguuni mwa waimbaji. Mbunifu Bill Belew akamshonea Elvis suti ya ngozi nyeusi, kola imesimama. (Mwambie baba yako: ngozi mtu mzima kuivaa chini ya taa za televisheni za rangi za wakati ule ni adhabu. Jasho unaloliona si la kuigiza.) Wakaitwa wenzake wa zamani, Scotty Moore wa gitaa na D.J. Fontana wa ngoma. Wa tatu, Bill Black wa besi, alikuwa amefariki mwaka 1965. Wakaongezwa marafiki wawili, Charlie Hodge na Alan Fortas, na pembeni kabisa akakaa Lance LeGault na tari. Fontana hakupewa hata ngoma zake. Alipiga kwa vijiti juu ya mfuko mgumu wa gitaa, kama mlivyokuwa mkigonga madebe utotoni. Ukilitazama vizuri, lile ni baraza. Wanaume wamekaa, mmoja anaanzisha, wengine wanadakia, neno moja linazua kicheko kingine.

Vikao hivyo vilirekodiwa viwili, tarehe 27 Juni 1968, saa 12 jioni na saa 2 usiku. Siku mbili baadaye, tarehe 29, vikarekodiwa viwili vya kusimama, Elvis peke yake kwenye ulingo ule ule, okestra ikiwa nje ya macho. Kwa hiyo ukiona suti ni ile ile lakini wimbo mmoja amekaa na unaofuata amesimama, si uchawi. Hizo ni siku mbili tofauti zilizounganishwa chumba cha kuhariri. Nimekaa chumba cha aina hiyo miaka mingi, na ninakuambia nywele ndizo zinazowaumbua wahariri. Fuatilia nywele za Elvis.

Watazamaji wenyewe nusura wasiwepo. Binder amesimulia kwamba Parker aliahidi kushughulikia tiketi, na siku ilipofika watu wakawa wachache mno. Ikabidi watangaze redioni na kuwakusanya watu kutoka mkahawa wa jirani. Kina dada wanaomkodolea Elvis macho kwa karibu kiasi cha kuweza kumfuta jasho, baadhi yao huenda walikuwa wamekwenda kula tu.

Na Elvis mwenyewe, kabla ya kupanda jukwaani kwa kikao cha kwanza, alishikwa na woga. Alimwambia Binder kichwa chake kimekuwa cheupe, hakumbuki kitu cha kusema wala cha kuimba. Binder akamsihi atoke tu, akishindwa aseme kwaheri arudi. Ukitazama dakika za mwanzo utaona mikono yake inatetemeka na utani wake haujakaa sawa. Halafu inafika "Lawdy Miss Clawdy", inafika "Trying to Get to You", na yule mtu wa filamu za ufukweni anapotea. Anamnyang'anya Scotty gitaa lake la umeme, anampa lake. Anarudia mara kwa mara wimbo wa Jimmy Reed, "Baby What You Want Me to Do", si kwa kuwa umepangwa, bali vidole vyake vinaupenda. Mara anataka kusimama na gitaa halina mkanda wa begani. Anasimama hivyo hivyo, mguu juu ya kiti. Mhariri mwoga angeikata sehemu hiyo. Mimi ningeikata, nakiri, nilipokuwa kijana.

Sasa Krismasi. Parker hakusamehe. Alidai angalau wimbo mmoja wa Krismasi uwemo, na kipindi kifungwe kwa wimbo wa Krismasi. Akapata nusu. Katika vikao vya kukaa Elvis aliimba "Blue Christmas", blues tupu, na huo ndio wimbo wa Krismasi pekee uliorushwa tarehe 3 Desemba. Kuhusu mwisho, alishindwa. Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili mwaka ule ule, tena Memphis, mji wa Elvis. Seneta Robert Kennedy, aliyekuwa akiwania urais, alipigwa risasi Los Angeles mwanzoni mwa Juni, akafa tarehe 6, wakati timu inaandaa kipindi. Waliokuwapo wamesimulia kwamba Elvis alizungumza juu ya vifo hivyo usiku mzima. Binder akamwendea Earl Brown, mpangaji wa sauti, akamwomba aandike wimbo wa kufungia unaobeba yale aliyoyasema Elvis. Brown akarudi na "If I Can Dream". Parker akasema huo haumfai Elvis. Elvis akaomba aimbiwe tena, tena, na tena, kisha akasema ataufanya. Wimbo una maneno yanayofanana na hotuba ya King ya ndoto, na aliyeuimba ni Mzungu wa Mississippi mbele ya Marekani nzima, saa iliyolipiwa kuuza cherehani. Utazame tena ukiwa na habari hiyo, pale mwishoni, suti nyeupe, taa nyekundu nyuma, mkono wa kulia unazunguka kama anataka kung'oa kitu hewani.

Mdhamini alikuwa na malalamiko yake pia. Katika ile hadithi ya kijana anayetangatanga palikuwa na sehemu amefika kwenye danguro, wimbo ni "Let Yourself Go". Kina dada wamevaa nguo zao zote na hakuna kinachofanyika, lakini cherehani na danguro haviuziki pamoja. Ikakatwa kabla kipindi hakijarushwa.

Kwa hiyo nakala zako ni hivi. Yenye "Blue Christmas" ndiyo iliyorushwa usiku ule wa Desemba 1968, kama dakika 50 ukiondoa matangazo. NBC ilipokirudia kipindi tarehe 17 Agosti 1969, katikati ya joto, Krismasi ingekuwa kichekesho, wakaitoa na kuweka "Tiger Man", pia kutoka vikao vya kukaa. Hiyo ndiyo isiyo na Krismasi, na kama ni kuchagua kwa muziki tu, "Tiger Man" ina meno zaidi. Ya tatu, ile ya kukaa mwanzo mpaka mwisho, naamini ni "One Night with You", iliyotolewa mwaka 1985, miaka 8 baada ya Elvis kufariki. Ni kikao kimoja karibu kizima, bila wachezaji dansi wala hadithi. Unaweza pia kukutana na nakala ya nne, ndefu zaidi, ambayo danguro limerudishwa. Na tangu mwaka 2004 rekodi zote nne, mbili za kukaa na mbili za kusimama, zimepatikana kwenye DVD zikiwa kamili.

Ndiyo maana watu wa huku kwetu tunabishana sana juu ya kipindi hiki. Hakuna aliyekiona kwa wakati wake. Tanzania ya mwaka 1968 haikuwa na televisheni kabisa, Zanzibar ilianza mwaka 1973 na bara tukasubiri hadi mwaka 1994. Kila mmoja alikipata kwa kanda ya VHS aliyoletewa na shemeji wa Ulaya, na kila shemeji alileta nakala yake.

Ukiniuliza ipi ndiyo yenyewe kwa maana ya historia, ni ya "Blue Christmas". Hiyo ndiyo iliyotazamwa na asilimia 42 ya waliokuwa wamewasha televisheni Marekani usiku ule, na ndiyo iliyomfungulia Elvis mlango wa kurudi kurekodi Memphis Januari 1969, ambako alitoka na "Suspicious Minds" na "In the Ghetto". Lakini kama una saa moja tu na baba yako yuko pembeni na chai yake, weka ile ya kukaa. Usihangaike na Elvis peke yake, wapiga picha wameshakufanyia kazi hiyo. Mwangalie Scotty Moore upande, kimya, anatabasamu kidogo kila Elvis anapokosea. Walikuwa pamoja tangu Julai 1954, walipoingia studio ndogo Memphis kurekodi "That's All Right", nao wanaipiga hapo pia. Baada ya kurekodi, Elvis alizungumza naye habari ya kwenda ziara Ulaya pamoja. Ziara haikuwapo, na hawakupiga tena pamoja.